Siku Tulipopunguza Wagonjwa

Mtu akiletwa kwenye chumba chetu cha wagonjwa wa upasuaji, swali la kwanza si wapi panauma. Swali la kwanza ni hili: "Mulinzi wako iko wapi?" Mlinzi ni yule ndugu anayekuja na mgonjwa pamoja na sufuria, mkeka na ndoo, akahamia hospitalini mpaka mgonjwa wake atoke au atolewe. Ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemgeuza ubavu, na anayeikodolea macho chupa ya serumu, yaani dripu, inapodondosha matone. Serumu ikikaribia kuisha, mlinzi hutoka kwenye korido akapiga kelele "Muganga! Muganga!" mpaka mmoja wetu atokee, maana kwetu hata muuguzi huitwa muganga. Mgonjwa asiye na mlinzi tunampokea pia, haturuhusiwi kumkataa, lakini tunampokea kwa uso wa watu waliopigiwa simu ya msiba.

Sikuilaumu desturi hii na sitailaumu sasa. Mimi ni muuguzi wa Bunia kwa miaka mingi, na zamu nyingi nimekuwa peke yangu katika chumba ambacho vitanda vyote vimejaa na mtu mmoja au wawili wamelala chini. Watu wa nje hudhani muuguzi anahudumia wagonjwa. Mimi nilikuwa nahudumia walinzi, na walinzi ndio waliohudumia wagonjwa. Nilipita nikiwaelekeza, nikiwakaripia, nikiwapokonya chupa za dawa za kienyeji, kisha nikaenda kuandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa ameangaliwa. Alikuwa ameangaliwa kweli, na shangazi yake.

Hasira zangu ziko karibu, hilo nalo niliseme mapema. Wenzangu hunitania kwamba sindano yangu haiumi kwa sababu mgonjwa anakuwa bado anafikiria maneno niliyomwambia kabla ya kumdunga. Sijawahi kuona ubaya wake. Mtu aliyelala kitandani amezungukwa na watu wanaomwonea huruma, na mmoja wa kumsukuma hamdhuru.

Basi, msimu mmoja wa mvua ilitufikia sheria. Ilitoka juu, ikapita ofisi moja baada ya nyingine, ikasomwa kwetu katika mkutano wa asubuhi na mkurugenzi wa hospitali mwenyewe. Ilisema muuguzi mmoja asipewe wagonjwa zaidi ya idadi fulani. Idadi yenyewe siitaji hapa, kwa sababu kila nikiitaja watu wa Bunia hucheka na mimi hukasirika. Inatosha kusema ilikuwa sawa na wale niliokuwa nao kati ya mlango na dirisha la kwanza, na chumba chetu kina madirisha mengi. Ilisema pia kwamba muuguzi ni msemaji wa mgonjwa. Akiona mgonjwa wake anadhurika, ni juu yake kusema, na asiadhibiwe kwa kusema. Kipande hiki cha pili mkurugenzi alikisoma mbio, kama watu wanavyosoma maelezo yanayokaa ndani ya boksi la dawa.

Niliipenda sheria ile. Niliipenda kama mtu anavyopenda nyumba ya ghorofa akiwa anapita barabarani.

Mkurugenzi wetu ni daktari, mtu safi, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikunja karatasi, akatuambia kwamba mkaguzi kutoka ofisi ya afya ya mkoa atakuja wiki hiyo hiyo kuona kama tunaifuata. Akasema serikali haiwezi kutuletea wauguzi wengine kabla ya siku hiyo. Tuliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyewategemea hata baada ya siku hiyo.

"Sasa tutafanya kazi ku upande ingine ya hesabu," akasema.

Hatukumwelewa. Akatueleza kwa uvumilivu, kama anavyoeleza familia kabla ya upasuaji. "Kama bauguzi habawezi kuongezeka, inafaa bagonjwa bapunguke."

Mmoja wetu akauliza kama alikuwa na maana ya kupona.

"Ata kwa kupona," akajibu mkurugenzi.

Wakati huo kitanda cha dirisha la tatu kilikuwa na mama mmoja mkulima kutoka upande wa Irumu. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo, akaletwa kwetu nyuma ya pikipiki, tumbo limevimba, akapasuliwa siku ile ile. Alikuja na mdogo wake wa kike kuwa mlinzi, msichana mwenye bidii, aliyejifunza upesi. Lakini kabla mshono haujakauka ikaja habari kwamba kijijini kwao watu wamekimbia, na watoto wa huyu mama walikuwa wamebaki huko kwa jirani. Mdogo mtu akafunga kitenge, akasema anakwenda kuwachukua watoto na atarudi kesho yake. Nyuma yake barabara ikafungwa. Kwetu barabara ikifungwa hatuulizi kwa nini, tunauliza itafunguliwa lini, na safari hii hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nilikuwa na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo na hana mlinzi. Nilimkabidhi kwa mlinzi wa kitanda cha jirani, mama mfanyabiashara wa mtaa wa Ngezi, mtu wa Butembo kwa asili, mnene, mwenye sauti ya soko. Mume wake alikuwa amevunjika mguu, pikipiki iliyobeba maharagwe kutoka Marabo ilimwangukia yeye na maharagwe yake. Yule mama alikubali bila kusita. Kila alipompikia mume uji alipika na wa jirani, na alipomwogesha mume alipitisha kitambaa na kwa jirani. Lakini mume wake alikuwa mgonjwa wa kudai. Alitaka mto, kisha hakutaka mto, alitaka dirisha lifunguliwe, kisha lifungwe. Mama wa watu hakuwa na macho ya ziada.

Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, mgonjwa wangu alipata homa. Haikuwa kubwa. Nilimwita daktari aliyempasua, kijana mchovu anayelala na viatu, akaja akamgusa tumbo. Kisha akanivuta pembeni.

"Mushono ya ndani inaweza kuachia," akaniambia. "Ile tumbo uiangalie sana. Ikikuwa nguvu kama ubao, uniite palepale. Ata kama niko nakula."

"Na kama iko mugeni?"

"Ata kama iko mugeni."

Maana yake nilijua bila kuelezwa. Mshono ukiachia, uchafu wa utumbo unamwagika ndani, na mtu anakufa siku hiyo hiyo akiwa na akili zake zote. Ukigunduliwa mapema, anafunguliwa tena, anasafishwa, anapona. Kati ya mambo hayo mawili palihitajika mtu mmoja tu wa kupita na kuweka mkono juu ya tumbo lake, mara kwa mara.

Asubuhi ya ukaguzi tulipunguza wagonjwa. Walioweza kutembea waliambiwa waende wakatembee. Wasioweza kutembea lakini wanaoweza kukaa walipelekwa nje uani, mahali ambapo walinzi hutandika mikeka yao na kupika, wakakalishwa kati ya walinzi. Huko nje, kwa hesabu ya mkurugenzi, hawakuwa wagonjwa. Mgonjwa ni mtu aliye kitandani, na aliye kwenye mkeka ni mlinzi. Ili mambo yaonekane vizuri, kila mmoja alipewa kazi ya mlinzi. Kijana mmoja mchimba dhahabu, mkono umefungwa plasta mpaka begani, alipewa kabichi la kukatakata. Mzee aliyetolewa ngiri alipewa sufuria ya kushikilia. Alama za serumu mikononi zilifunikwa kwa vitenge.

Haikwenda kimya. Familia zilikataa. Mama wa Ngezi alisimama mbele ya kitanda cha mumewe na mwiko mkononi.

"Bwana yangu haiende inje," akasema. "Mukimutoa, munitoe na miye, na miye muko munanijua."

Walikuwa wanamjua. Mume akabaki kitandani, akahesabiwa miongoni mwa wagonjwa halali. Na wengine walibaki hivyo hivyo, kila mwenye ndugu wa kupiga kelele alibaki. Mkuu wa chumba chetu, muuguzi mzee aliyekuwa akingoja pensheni kwa pumzi za uangalifu, akapita mstari mzima akitafuta mtu mmoja wa mwisho ili idadi itimie. Alisimama kwenye dirisha la tatu. Huyo mama hakuwa na mtu wa kushika mwiko.

"Huyu apana," nikamwambia. "Dokta alisema tumbo yake iangaliwe."

"Inje pia utamuangalia. Ni hapa ku dirisha tu."

"Na wakati mugeni iko anahesabu?"

"Mugeni hatakawia, mama. Unisaidie tu." Hakunitazama usoni.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Lakini alikuwa ameshaanza kumwinua, na peke yake angemwangusha, basi nikashika upande wa pili. Tukamkalisha kwenye mkeka, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, tukamfunika kitenge kiunoni, na mtu akamwekea mapajani sinia la maharagwe ya kuchagua. Niliweka mkono juu ya tumbo lake. Lilikuwa laini bado. Nikarudi ndani, maana amri ilikuwa kwamba muuguzi haruhusiwi kutoka chumbani mpaka mgeni aondoke. Mimi ndiye niliyekuwa upande mmoja wa hesabu, na nikitoka, hesabu inaanguka.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye mwavuli na viatu ambavyo havikuwa vimekanyaga tope la Bunia siku hiyo. Sijui alifanyaje. Alipita uani, akaingia chumbani, akatuhesabu kwa kidole huku midomo ikicheza. Alihesabu wagonjwa, kisha akanihesabu mimi, nilikuwa mmoja. Nyuma yake walisimama mkurugenzi na daktari mpasuaji, ambaye naye alikuwa anaonyeshwa.

"Unawaweza hawa?" mkaguzi akaniuliza.

"Leo nawaweza," nikasema.

Alitabasamu. Alisema hajaona chumba cha namna hii tangu aanze mizunguko yake. Mkurugenzi akaweka mkono kifuani. Wakaondoka kuelekea wodi ya uzazi.

Sasa nitasema jambo la ajabu, na ni kweli. Asubuhi ile nilifanya kazi ya uuguzi. Ilikuwa kama mara ya kwanza tangu nitoke shuleni. Nilikuwa na wagonjwa wachache, nikawafikia wote. Nilimgeuza mzee mmoja nikakuta kidonda cha mgongoni ambacho kilikuwa hakijaonekana na mtu, nikakisafisha taratibu, nikiongea naye. Nilipima presha nikaipima tena kwa sababu sikuiamini. Nilikaa, nasema nilikaa, kwenye ukingo wa kitanda nikamsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi yake. Hata mume wa mama wa Ngezi nilimsikiliza, na nikagundua kwamba mto aliudai kwa sababu plasta ilikuwa inambana, nikailegeza, akanyamaza. Sikumkaripia hata mmoja. Nilijua nje kuna mtu, na nilifurahi hivyo hivyo. Mikono ilifurahi yenyewe.

Kisha nikafika kwenye dirisha la tatu, nikatazama nje.

Yule mama alikuwa amekaa vile vile tulivyomwacha. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya maharagwe, haukuwa unachagua. Nikangoja uchague. Inzi akatua juu ya kidole, kidole hakikusogea.

Nilitoka. Mkuu wa chumba akaniita kwa sauti ya chini, akasema ningoje kidogo, mgeni bado yuko. Nilipiga magoti mkekani nikaingiza mkono chini ya kitenge. Tumbo lilikuwa gumu. Uso wake ulikuwa na jasho na mikono ilikuwa ya baridi, na mshipa wa mkononi ulikuwa unakimbia chini ya kidole changu, mwembamba. Alifumbua macho, akanitambua, akayafumba.

Nilikimbia. Sikuwa nimekimbia hospitalini kwa muda mrefu, tunafundishwa tusikimbie, inatisha watu. Mlangoni mwa wodi ya uzazi alisimama mkurugenzi, mgeni na daktari walikuwa ndani. Aliniona ninavyokuja, akanyoosha mkono kunizuia, bila kuacha kutabasamu.

"Rudia ku chumba," akasema taratibu. "Ukikuwa huku, kule hakuna muuguzi. Hesabu inaanguka."

"Kuko mugonjwa anakufa inje."

"Inje hakuna mugonjwa. Inje kuko balinzi."

Alisema hivyo kwa upole ule ule, na ninaamini wakati ule alikuwa ameshaanza kuyaamini maneno yake. Nilimtazama. Nikafungua vifungo vya bluzi yangu nyeupe, nikaivua, nikaikunja mara mbili, nikampa. Aliipokea, kwa sababu ni mtu wa adabu. Nikabaki na kitenge na fulana kama mtu yeyote wa uani. Kisha nikajaza mapafu na kufanya kile ambacho walinzi wamenifanyia miaka yote.

"Muganga! Muganga! Mugonjwa wangu anakufa! Muganga!"

Sauti yangu niliishangaa mwenyewe. Korido nzima iligeuka. Mkaguzi akatoa kichwa mlangoni akauliza kuna nini.

"Si kitu," mkurugenzi akamwambia, bluzi yangu ikiwa mkononi mwake. "Ni mulinzi mumoja tu. Balinzi beko na wasiwasi mingi."

Lakini nyuma ya mkaguzi alitokea daktari mpasuaji. Aliniangalia, akaangalia ile bluzi, akaniangalia tena.

"Ni ubao?" akaniuliza.

"Ni ubao."

Akampita mkaguzi, akampita mkurugenzi, tukakimbia wote wawili. Mkaguzi alitufuata, kama watu wanavyofuata wanaokimbia, na mkurugenzi akamfuata mkaguzi. Tulipokuwa tunamwinua yule mama kutoka ukutani, maharagwe yalimwagika yote, na mama wa Ngezi alitoka ndani akamshika miguu bila kuambiwa. Tukamweka kwenye kitanda cha magurudumu. Mkaguzi alibaki kati ya mikeka. Akamtazama mchimba dhahabu anayekata kabichi kwa mkono mmoja. Akamtazama mzee anayeshikilia sufuria tupu. Akamuuliza mkurugenzi kama hapa kwetu walinzi nao hupasuliwa.

Mkurugenzi alisema inaweza kutokea.

Chumba cha upasuaji nacho kina desturi yake. Mlango haufungwi mpaka ijulikane nani anabaki nje, kwa sababu kuna kitu kitakosekana na mtu wa kukitafuta lazima awepo, na kwa sababu habari, iwe nzuri au mbaya, lazima iwe na mtu wa kuipokea. Msaidizi alitoa kichwa na barakoa yake akauliza kama anavyowauliza wote.

"Mulinzi wake iko nani?"

"Ni miye," nikasema.

"Weye ni muganga."

"Bluzi yangu iko na mukurugenzi."

Alifikiri kidogo, akafunga mlango. Nikakaa kwenye benchi. Miaka yote nimeingia na kutoka kwenye mlango ule, sikuwa nimewahi kukaa upande huu wake. Kutoka upande huu husikii mengi. Unasikia chuma kinawekwa juu ya chuma, kisha hakuna. Nilijua kila kinachofanyika mle ndani, hatua kwa hatua, na hilo halikunisaidia hata kidogo. Niliogopa sana. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na nilipojaribu kuomba nikaona nimekosa mtu wa kumlaumu katika sala, nikaacha.

Mama wa Ngezi akaja na kikombe cha chai, akakaa karibu nami, benchi ikalia. Nikamuuliza mume wake amemwachia nani.

"Nimemuambia ajilinde," akasema.

Nikamuuliza na chumba. Akaniambia mkuu wetu mzee yuko peke yake mle ndani, amevua koti, anapita kitanda kwa kitanda, na wale wa nje wote wamerudishwa. Walinzi wamewarudisha wenyewe, bila kuagizwa, wakati wakubwa walikuwa bado wanaongea uani.

Daktari alitoka mwishowe, mabega yameanguka. Mshono ulikuwa umeachia, kama alivyoogopa. Amesafisha, ameshona upya. Akaniambia kidogo tu tungechelewa. Kisha akakaa mahali nilipokuwa nimekaa akalala pale pale, na viatu.

Yaliyofuata ni ya ofisini. Nilipewa barua ya kutakiwa kujieleza: kwa nini niliacha zamu, kwa nini nilivua vazi la kazi mbele ya mgeni, kwa nini nilipiga kelele katika eneo la utulivu. Nikajibu: "Mgonjwa wangu alikuwa anakufa." Ilirudishwa, wakasema ni fupi mno. Nikaongeza: "Kwenye mkeka." Nikapewa onyo. Nilisema kwamba ile sheria iliyosomwa asubuhi ilikataza kumwadhibu muuguzi kwa kusema, nikaelezwa kwa upole kwamba sikuadhibiwa kwa kusema, nimeadhibiwa kwa kuvua bluzi.

Taarifa ya mkaguzi ilikuja baadaye. Ilisema hospitali haitimizi idadi inayotakiwa na inatakiwa kuitimiza bila kukawia. Haikufuatana na muuguzi hata mmoja. Ilifuatana na nakala nyingine ya sheria, safari hii ikiwa ndani ya fremu ya kioo, tukaitundika ukutani. Nilirudi kwa walinzi wangu, kuwaelekeza na kuwakaripia, na yule mzee mwenye kidonda cha mgongoni nilikuwa namfikia nikiweza.

Mama wa dirisha la tatu alipona polepole. Simu ilipopatikana, mdogo wake alisema yuko na watoto wote, wazima, wamesimama mahali wanangoja njia. Siku ile nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza, akashika mshono kwa maumivu, akaendelea kucheka. Kesho yake nikamwambia ainuke, sasa ni wakati wa kutembea, na asinifanyie uvivu. Nikamshika kiuno. Tukaenda hatua fupi fupi mpaka mlangoni, akaomba asimame. Alikuwa anatazama ile mikeka ya uani.

"Ule mugeni alinisalimia," akasema.

Nikauliza mgeni gani.

"Mwenye mwavuli. Wakati wa kupita. Aliinama mbele yangu, akaniuliza, 'Mama, uko unalinda nani?' Miye sikujua ata jina ya mugonjwa mumoja. Nikakuonyesha weye, ku dirisha."

"Mimi?"

"Nilimuambia niko nalinda ule. Akacheka, akaenda."

Nikamuuliza kama tumbo lilikuwa limeshaanza kuuma wakati huo. Akasema ndiyo, lilianza mara tu nilipoingia ndani.

Hapo sauti yangu ikapanda. Nilimuuliza ana akili gani. Mtu mkubwa wa afya ya mkoa ameinama mbele yake, uso kwa uso, na yeye tumbo linapasuka, na hakusema? Kinywa alikuwa nacho! Wagonjwa wengine waligeuka kututazama. Yeye hakushtuka, alikuwa amenizoea.

"Mukubwa wa chumba yenu alituambia kule inje," akasema, "mutu akilalamika mbele ya mugeni, ni weye utafukuzwa kazi. Na ni weye ulikuwa wa zamu. Nikasema, basi, nangojea kwanza mugeni aende, kisha nitagonjwa."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alichelewa kufua nguo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumkaripia, ninayo ya kila aina na ninayatumia kila siku, na nilifungua kinywa nichague moja. Machozi yakanitangulia. Nikasimama pale mlangoni nalia mbele ya chumba kizima, vitanda vyote vimejaa na watu wawili chini. Yule mama alingoja kidogo. Kisha akanishika mkono, akanigeuza taratibu, tukaanza kurudi kitandani kwake, yeye akiwa mbele.